Barua kwa Mhariri: Mbolea ya shamba, bili ya mnywaji

Naitreti iliyojaa katika maji ya ardhini ya Bonde la Kati la California, Marekani, chanzo chake kikubwa ni mbolea za viwandani na samadi. Mmea hauli naitrojeni yote inayomwagwa shambani. Inayosalia hugeuka naitreti, huyeyuka katika maji ya umwagiliaji na kushuka polepole ardhini, pengine kwa miongo kadhaa, hata kisima kinachopimwa leo kikaonyesha mbolea ya kizazi kilichopita. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wa mwaka 2012 kuhusu mabonde ya Tulare na Salinas ulikadiria kuwa asilimia 96 ya naitreti katika maji ya ardhini ya huko ilitoka mashambani, na watu wapatao 254,000 walikuwa hatarini.

Maji hayo ni maangavu, hayana harufu wala ladha. Kuyachemsha, kinga ambayo kila mama hufundishwa, huzidisha madhara: maji hupaa kwa mvuke, naitreti ikabaki. Klorini nayo haifui dafu. Wa kwanza kuumia ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga. Tumboni mwake naitreti hugeuka naitraiti, damu ikashindwa kubeba oksijeni, midomo na kucha zikawa za buluu. Daktari Hunter Comly aliueleza ugonjwa huo huko Iowa mwaka 1945, kwa hiyo hakuna mwenye haki ya kusingizia ugeni wa jambo. Kikomo cha Marekani, miligramu 10 za naitrojeni ya naitreti kwa lita, kiliwekwa kwa ajili ya mtoto huyo.

Dhuluma iko kwenye malipo. Katika vijiji vya Bonde la Kati kama East Orosi, wakazi, wengi wao vibarua wa mashambani, wamekuwa wakilipia maji ya bomba yasiyonyweka, kisha wakinunua ya chupa. Mwenye kisima chake ndiye mwenye hali mbaya zaidi, kwa kuwa viwango vya jimbo havimgusi. California iliitambua kisheria haki ya maji salama mwaka 2012. Mfuko wa maji salama wa mwaka 2019, hadi dola milioni 130 kwa mwaka, hutegemea mapato ya minada ya vibali vya kutoa gesi joto. Pendekezo la kuitoza mbolea yenyewe lilikwama bungeni. Lirudishwe. Mauzo ya mbolea yalipie upimaji wa visima binafsi na mitambo ya kuchuja, na kaya zipelekewe maji bure mpaka mitambo hiyo isimikwe.