Hatari ya kumfanya roboti msiri wa vijana

KIJANA wa Buxton aliyekuwa na dukuduku moyoni alizoea kulitoa barazani kwa jirani, kwa mwalimu wa madrasa au kwa shangazi. Tangu nyumba kuukuu za mtaa huo zianze kubomolewa mwaka wa 2021 ili kupisha maghorofa ya Buxton Point, majirani wengi wametawanyika. Simu, hata hivyo, haikumhama.

Ndani ya simu hiyo sasa mna programu za akili bandia zinazotangazwa kuwa rafiki, mshauri na hata mchumba. Hujibu saa yoyote, hazichoki wala hazikaripii.

Hapo ndipo penye hatari. Rafiki wa kweli hukukanya unapokosea. Programu hizi hunufaika mtumiaji asipoondoka, hivyo huelekea kumkubalia hata anapopotoka. Isitoshe, siri anazozimwaga hubaki katika mitambo ya kampuni iliyo ng'ambo.

Yaliyotokea Marekani ni funzo. Mnamo Oktoba 2024, Megan Garcia wa Florida aliishtaki kampuni ya Character.AI akidai ilichangia kifo cha mwanawe wa miaka 14, aliyejiua Februari mwaka huo baada ya kuzama katika mazungumzo na programu yake. Mwaka mmoja baadaye, kampuni hiyo ilitangaza kuwapiga marufuku walio chini ya miaka 18 kupiga soga huru na wahusika wake.

Italia nayo iliizuia programu ya Replika Februari 2023 kutumia data za raia wake, ikitaja hatari kwa watoto.

Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya data za mtoto kutumiwa. Lakini sheria hiyo hulinda habari za mtoto tu. Haimkingi dhidi ya mashine inayojifanya mpenzi wake, na mtoto akidanganya umri ni vigumu kumtambua.

Serikali ina wajibu wa kuziba pengo hilo. Wazazi nao wasingojee. Waulize watoto wanazungumza na nani usiku, nao wasikilize bila kufoka. Mtoto anayeogopa nyumbani anaweza kupiga 116, nambari ya bure ya kuwasaidia watoto, akasikilizwa na binadamu.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kijana akizidiwa usiku wa manane, roboti haiwezi kubisha mlango wake. Jirani anaweza.