Msimu wa Mechi Mbili

Mpenzi msomaji, mtoto wako akirudi jioni kutoka uwanjani, viatu vimejaa matope, wewe humwuliza nini kwanza? Nakisia ni lile swali letu sote: "Mmeshinda?" Nami huuliza vivyo hivyo. Lakini hebu leo nikupeleke Marekani, katika mji wa Huntington, jimbo la West Virginia, kilipo Chuo Kikuu cha Marshall.

Mchezo wenyewe ni kandanda ya Kimarekani. Usidhani ni kabumbu letu. Huo ni ndugu wa raga, mpira umechongoka kama yai na wachezaji huvaa kofia ngumu.

Usiku wa Novemba 14, 1970, timu ya Marshall ilikuwa ikirejea kwa ndege kutoka North Carolina, ambako ilikuwa imeshindwa 17-14 na East Carolina. Ndege ilianguka karibu na uwanja wa Huntington. Watu wote 75 waliokuwamo walikufa. Wachezaji walikuwa 37, pamoja na makocha na wakazi wa mji walioisindikiza timu yao. Sita kati ya vijana hao hawakutambulika, wakazikwa pamoja katika makaburi ya Spring Hill.

Je, msomaji, ungekuwa mzazi ungemruhusu mwanao avae jezi hiyo mwaka uliofuata?

Wapo walioruhusu. Aliletwa kocha mpya, Jack Lengyel. Wakati huo wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawakukubaliwa kuchezea timu kubwa ya chuo, lakini Marshall ilipewa ruhusa maalumu. Hivyo basi wengi walioingia uwanjani mwaka wa 1971 walikuwa vijana waliotoka shule ya upili juzijuzi tu, wakiungana na wachache waliosalia kwa sababu hawakusafiri siku ile.

Mechi ya kwanza walilazwa 29-6 na Morehead State. Ya pili, Septemba 25, ilikuwa nyumbani dhidi ya Xavier. Mchezo ulikuwa ukingoni, imebaki pigo moja tu, nao wako nyuma 13-9. Reggie Oliver akamtupia Terry Gardner pasi fupi kando, naye akatimua mbio hadi akavuka mstari. 15-13! Mashabiki walimiminika uwanjani.

Baada ya hapo? Walishinda mechi moja nyingine tu, 12-10 dhidi ya Bowling Green. Mechi kumi, ushindi mara mbili. Filamu iliyotolewa 2006 ilieneza sifa za ushindi ule wa Xavier, lakini ukweli ni kwamba timu iliendelea kuchapwa miaka na miaka. Haikupata msimu wa kushinda zaidi ya kushindwa hadi 1984.

Chuoni hapo pana chemchemi ya ukumbusho. Kila Novemba 14 watu hukusanyika, majina yakasomwa, kisha maji hufungwa. Hayafunguliwi tena hadi majira ya baridi yapite.