Namba nne ya India
Kadi ya matokeo ya nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi la 2019, iliyochezwa Old Trafford mjini Manchester, ina majina matatu makubwa yenye tarakimu moja: Rohit Sharma 1, KL Rahul 1, Virat Kohli 1. India, iliyohitaji mikimbio 240 kuifunga New Zealand, ilikuwa na 5 kwa wiketi tatu, na kazi ikabaki kwa wapigaji wa kati. Namba nne, yaani mpigaji wa nne kuingia, siku hiyo alikuwa Rishabh Pant, kijana wa miaka 21 aliyeitwa kikosini baada ya Shikhar Dhawan kuumia. Nafasi hiyo haina saa yake: mpigaji huweza kuingia ova ya tatu, mpira ungali mpya na unapinda, au ova ya thelathini, warushaji wa mpira wa kuzunguka wakiwa wamebana kila upenyo. Ambati Rayudu aliandaliwa kwa ajili ya nafasi hiyo, kisha akaachwa wiki chache kabla ya mashindano na kuchukuliwa Vijay Shankar, ambaye naye aliumia. Kiti cha kila mgeni hakina mwenyewe. India ilifungwa kwa mikimbio 18, na kosa kubwa zaidi lilikuwa la wachaguzi waliobadili watu kila mfululizo wa mechi. Mwaka 2023, kwa nafasi hiyo hiyo, walimsubiri Shreyas Iyer apone mgongo baada ya upasuaji. Akafunga mikimbio 530 katika Kombe la Dunia la mwaka huo, ingawa kwenye fainali dhidi ya Australia alipata 4 tu.