Wakili wa benki anamtetea nani? Mambo ya kujua kabla ya kukopa pesa za shamba

Benki inapokubali kukukopesha pesa za kununua shamba au nyumba hapa Kenya, haikupi pesa mkononi. Kwanza hukuandikia barua ya kukubali mkopo. Ndani ya barua hiyo kuna sharti ambalo wengi hulipita haraka: rehani itaandaliwa na kusajiliwa na wakili aliye kwenye orodha ya benki, na gharama yake utalipa wewe. Baadhi ya Sacco zinazokopesha kwa dhamana ya hati miliki hufanya vivyo hivyo.

Mkanganyiko huanzia hapo. Kwa kuwa mkopaji ndiye anayelipa, hudhani kwamba wakili huyo ni wake. Sivyo. Anayempa wakili huyo maagizo ni benki, na kazi yake ni kuhakikisha kwamba ukishindwa kulipa, benki itaweza kuuza ardhi hiyo na kurudisha pesa zake. Anaweza kuwa mwaminifu na hodari kabisa, lakini maslahi yako si jukumu lake.

Kwa nini benki ina orodha yake?

Sababu zake zinaeleweka. Wakili hushika hati za watu na pesa za watu. Benki hutaka mtu ambaye imemchunguza, mwenye bima ya kitaaluma, na anayejua kazi za ofisi ya usajili wa ardhi. Pia muuzaji hawezi kuachilia hati yake kabla ya kulipwa, na benki haiwezi kulipa kabla hati haijasajiliwa kwa jina la mnunuzi. Kinachovunja mkwamo huo ni ahadi ya maandishi, kutoka kwa benki au wakili wake kwenda kwa wakili wa muuzaji, kwamba pesa zitalipwa usajili ukikamilika. Wakili akivunja ahadi yake ya aina hiyo, Mahakama Kuu inaweza kumlazimisha kuitimiza.

Kwa hiyo orodha ya benki si njama. Hatari ni kuitegemea kama kwamba imetengenezwa kwa ajili yako.

Mambo ambayo wakili wa benki hatakufanyia

Katika ununuzi wa kawaida kwa mkopo kuna kazi tatu za uwakili: ya muuzaji, ya mnunuzi na ya benki. Wengi huruka ile ya mnunuzi ili kupunguza gharama. Basi hakuna anayeuliza kwa niaba yao: muuzaji akichelewa, nitarudishiwa malipo ya awali? Riba ikipanda, benki italazimika kuniarifu mapema kiasi gani? Nikilipa mkopo wote kabla ya muda, kuna adhabu? Shamba lina njia ya kuingilia? Kuna ndugu wa muuzaji wanaoishi au kulima humo?

Swali la asili ya hati lina uzito zaidi tangu Aprili 21, 2023. Siku hiyo Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu kiwanja cha eneo la Nyali. Mahakama ilisema kwamba ikiwa ardhi ya umma iligawiwa mara ya kwanza bila kufuata sheria, hati iliyotokana na ugawaji huo haimlindi hata mtu aliyeinunua baadaye akidai alinunua kwa nia njema. Maana yake, kufanya sachi ya siku moja na kuona jina la muuzaji hakutoshi tena. Inabidi kufuatilia ardhi ilitoka kwa nani, ikaenda kwa nani, tangu mwanzo.

Mfumo wa Ardhisasa, uliozinduliwa Aprili 2021 ukianzia Nairobi, unaruhusu sachi kwa njia ya mtandao na unapanuliwa hatua kwa hatua. Hata hivyo, mtandao hukuonyesha kilichoandikwa kwenye daftari. Hauwezi kukuambia kama ugawaji wa kwanza ulikuwa halali. Na hati ikifutwa, deni la benki halifutiki pamoja nayo.

Je, wakili mmoja anaweza kuwahudumia wote?

Hutokea, hasa ili kuokoa ada. Lakini Mahakama ya Rufaa iliamua katika miaka ya 1990 kwamba wakili aliyewahudumia mkopeshaji na mkopaji katika shughuli moja ana wajibu wa uaminifu kwa wote wawili, hivyo hawezi baadaye kumtetea mmoja dhidi ya mwenzake katika mzozo wa shughuli hiyo. Hilo linakulinda kidogo, lakini kwanza ni lazima mzozo utokee. Ni afadhali kuwa na wakili wako tangu mwanzo, hata kama kazi yake ni kusoma tu mkataba wa mauzo na barua ya mkopo kabla hujasaini.

Gharama zipange mapema. Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu wa asilimia 2 ya thamani kwa ardhi ya mashambani, au asilimia 4 kwa ardhi ya mjini. Kusajili rehani hutozwa asilimia 0.1 ya mkopo. Kwa shamba la mashambani la shilingi milioni 2 na mkopo wa milioni 1.5, hiyo ni shilingi 40,000 na shilingi 1,500. Kuna pia ada za mawakili, ambazo zina kiwango cha chini kilichowekwa kisheria, na VAT juu yake. Mwombe kila wakili akuandikie jumla kabla ya kuanza.

Shamba la kilimo na mali ya familia

Ardhi ya kilimo ina hatua ya ziada. Kwa kawaida, kuiuza au kuiweka rehani kunahitaji kibali cha bodi ya ardhi, na ombi linapaswa kupelekwa ndani ya miezi sita baada ya makubaliano. Bila kibali, makubaliano hayo ni batili. Ikiwa hati ingali kwa jina la marehemu, usitoe pesa kabla ya kesi ya urithi kukamilika.

Kama ni nyumba ya ndoa unayoweka rehani, Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka mume au mke asaini, au kuwe na ushahidi kwamba amekubali. Kwenye hati ya rehani pia kuna sehemu unayokiri kwamba umeelewa yatakayofuata usipolipa. Usiisaini kabla ya kuelezwa kwa lugha unayoielewa. Kwa ufupi: ukikosa kulipa, benki hukupa notisi ya angalau miezi mitatu, kisha notisi ya siku 40 kabla ya kuuza, na dalali naye hutoa notisi ya siku 45.

Wala usitarajie kwamba kosa la wakili litakuokoa. Mwaka 2015, katika kesi ya benki ya National na kampuni ya Anaj Warehousing, Mahakama ya Juu ilisema hati ya rehani haiwi batili kwa sababu tu wakili aliyeiandaa hakuwa na cheti cha kuhudumu cha mwaka huo.

Fanya haya kabla ya kusaini

Iombe benki orodha yote ya mawakili wake wa eneo lako, usikubali jina moja tu.

Kagua jina la kila wakili, wa benki na wako, kwenye tovuti ya Chama cha Wanasheria cha Kenya, LSK. Cheti cha kuhudumu huisha Desemba 31, hivyo cha mwaka jana hakihesabiki.

Mwulize wakili mbele ya watu: "Wewe unamwakilisha nani?" Kisha omba jibu hilo kwa maandishi.

Malipo ya awali, ambayo mara nyingi ni asilimia 10, yasiende kwenye simu ya muuzaji. Yawekwe kwenye akaunti ya wateja ya wakili, na mkataba useme yatarudishwa lini iwapo mauzo yatakwama.

Ondoka na nakala ya kila karatasi uliyosaini. Piga picha kwa simu pia, na umtumie mtu mmoja wa nyumbani unayemwamini.