Dawa ya Kansa Isiposaidia Tena, Tusimlaumu Mgonjwa

Mara nyingi mgonjwa wa kansa huanza dawa, uvimbe ukanywea, ndugu wakafurahi. Baada ya miezi uvimbe hurudi, na dawa ile ile haufanyi lolote. Hapo maneno huanza: hakufuata masharti, amerogwa, amekata tamaa. Tunaona maneno hayo ni dhuluma.

Mwaka 1976, mjini Toronto, Kanada, wataalamu Rudy Juliano na Victor Ling walieleza juu ya protini iliyo kwenye utando wa chembe hai zilizo sugu kwa dawa. Protini hiyo, P-glaikoprotini, hufanya kazi kama pampu: dawa ikiingia, huisukuma nje kabla haijaua chembe. Tena haichagui dawa moja. Huzitoa vinkristini, doksorubisini na nyinginezo. Ndiyo sababu chembe iliyozoea dawa moja yaweza kuishinda hata ile ambayo haijawahi kukutana nayo.

Pampu hii si adui tangu mwanzo. Katika utumbo, ini, figo na ubongo hutukinga na sumu. Kwa hiyo kuizuia si kazi rahisi. Dawa zilizojaribiwa kwa ajili hiyo hazikuleta mafanikio yaliyotarajiwa.

Basi tufanye nini? Tumpeleke mgonjwa hospitali mapema, naye asikatishe dawa bila ushauri. Madaktari nao wamweleze hali yake kwa lugha anayoielewa. Na yule ambaye dawa haimsaidii tena, tukae naye, tumhudumie, wala tusimwongezee mzigo wa lawama.