Nyota Begani, Njaa Tumboni



Kila asubuhi tunaliona jambo hili njiani. Taksi-bisi inafika kwenye njia panda, polisi wa rulaji anainua mkono, gari linasimama. Makaratasi yapo, taa ni nzima, freni ni nzima. Hata hivyo dereva anakunja noti ndogo, anaitia katika mkono wa polisi, na safari inaendelea. Kule Kinshasa wanaiita madesu ya bana, ndiyo kusema maharagi ya watoto. Sisi tunaiita matabishi. Majina ni mengi, kitu ni kimoja: ni mshahara ambao serikali haikuutimiza, na sisi raia tunaulipa kwa mara ya pili, baada ya kwisha kulipa kodi.

Watu wengi wanamtukana yule polisi. Sisi tunauliza: noti ile inakwenda wapi?

Haibaki yote katika mfuko wake. Jioni anangojewa na raporti, nayo si ya karatasi, ni ya fedha. Ajenti anampa brigadie, brigadie anampa mkubwa wa komisariati, na mkubwa huyu naye ana mkubwa wake. Anayeleta nyingi anawekwa tena kesho pale magari yanapopita mengi. Anayekataa anapelekwa kulinda mlango usiopitwa na mtu. Hivi ngazi ya vyeo imegeuka ngazi ya ushuru: amri zinashuka, fedha zinapanda. Mtu wa chini anachukua matusi, mtu wa juu anachukua faida.

Ugonjwa huu si wa jana. Force Publique ya Leopold II ilikuwa jeshi na polisi pamoja. Kazi yake haikuwa kumlinda Mkongomani, ilikuwa kumlazimisha: alete mpira, alipe kodi, akae kimya. Ofisa alikuwa mzungu. Mkongomani, hata akipigana Tabora mwaka 1916, hata akipigana Abisinia mwaka 1941, hakupewa cheo cha ofisa. Siku ya uhuru, 30 Juni 1960, jeshi lile la watu karibu 25.000 halikuwa na ofisa mmoja mweusi.

Siku tano nyuma yake, Jenerali Janssens aliandika ubaoni mbele ya askari wake kwamba mbele ya uhuru na nyuma ya uhuru ni sawasawa. Kabla ya siku ile kwisha kambi ya Thysville ilikuwa imeasi. Askari wale waliwaona mawaziri katika motokari zao, waliwaona wabunge waliojiongezea mshahara, wakauliza: uhuru wetu sisi uko wapi? Serikali ya Lumumba ikawapandisha wote daraja moja. Tarehe 8 Julai Janssens alikuwa ameondolewa, Victor Lundula akawekwa juu ya jeshi, na Joseph Mobutu akawa mkubwa wa wakuu wa kazi. Kuvunja ile sheria ya rangi kulikuwa haki, tena haki iliyochelewa. Lakini nyota begani haijazi sufuria.

Tazameni yaliyofuata. Mwaka 1966 Mobutu aliunda Polisi ya Taifa. Mwaka 1972 akaivunja na kuitia katika jandarmeri, ndiyo kusema jeshini. Septemba 1991 askari wenye mshahara wa njaa walivunja maduka ya Kinshasa. Januari 1993 walilipwa noti za zaire milioni 5, wauza-duka wakazikataa, na bunduki zikaanza tena. Majina yalibadilika, mavazi yalibadilika, tumbo lilibaki lile lile.

Leo inchi yetu haikosi sheria. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 182, inasema kazi ya polisi ni usalama wa watu na mali zao, na kulinda utaratibu. Kifungu cha 183 kinasema polisi si ya siasa, ni mtumishi wa taifa, na hakuna mtu anayeweza kuigeuza kwa faida yake mwenyewe. Sheria ya 2011 ikapanga kazi, sheria ya 2013 ikapanga hali ya watumishi wake. Chini yuko ajenti, juu yake brigadie, halafu su-komisari, halafu makomisari wa daraja nyingi mpaka komisari divizionere. Hivi ni vyeo vya raia, si vya vita. Lakini sikilizeni watu wanavyowaita: koloneli, jenerali! Kambi imeishinda sheria.

Na raia anaona nini? Mama aliyeibiwa anakwenda kushitaki, anaombwa fedha ya karatasi na ya mafuta ya pikipiki. Mwizi akikamatwa, naye analipa ili atoke kashoni. Aliyeibiwa amelipa, mwizi amelipa, na haki haikuonekana. Katiba, kifungu cha 18, inasema mtu asizuiliwe na polisi zaidi ya saa 48 bila kuachiliwa au kupelekwa mbele ya mwenye mamlaka ya sheria. Katika kasho nyingi saa hizo zinahesabiwa kwa franka.

Wakubwa watatujibu: serikali ni maskini. Umaskini gani huu unaojua njia ya kununua motokari za wakubwa, na haujui njia ya kumfikia ajenti? Tena fedha ipo! Inakusanywa kila siku barabarani, ila haifiki katika sanduku la inchi.

Wengine watasema: mwizi ukimwongezea mshahara, ataiba akiwa ameshiba. Tunakubali, kama raporti ya jioni itabaki. Kwa hiyo hatuombi mshahara peke yake. Toka miaka ya 2011 na 2012 serikali imeanza kupitisha mishahara katika banki, isipite tena mikononi mwa makomanda. Kazi hiyo ilikuwa njema, lakini ni nusu ya kazi. Ajenti wa mahali pasipo banki anaacha kazi na kufunga safari ili aone mshahara wake. Na yule wa mjini, hata akiupokea wote, bado anadaiwa na mkubwa wake kila jioni.

Hatumsamehe polisi anayepiga watu. Bunduki haikupewa ruhusa na njaa. Lakini hatutakubali ajenti afungwe peke yake, na aliyemtuma akae mezani.

Tunadai haya:

Mshahara wa kutosha nyumba, chakula na masomo ya watoto, ufike kila mwezi mpaka vijijini.

Raporti ya fedha ihesabiwe kuwa wizi, na anayeipokea ahukumiwe mbele ya anayeileta.

Cheo kipewe kwa masomo na kazi, si kwa kabila wala kwa bahasha.

Mzee aliyemaliza miaka yake apumzike na pensheni yake, asizeeke na bunduki kwa kuogopa kwenda nyumbani mikono mitupu.

Ninyi ndugu polisi, sisi si adui zenu. Watoto wenu wanakaa katika darasa moja na watoto wetu, na wanafukuzwa pamoja ada isipolipwa. Mwaka 1960 mliambiwa hakuna kitakachobadilika. Msikubali kuambiwa tena.

Polisi alipwe! Raia aheshimiwe! Kongo iwe ya watu wake!