Kipande ni Bunduki? Basi Tuambieni Kipande ni Kipi

Wiki hii nilikusudia kuendelea na somo letu la hifadhidata, ila kuna jambo limetokea hapa Bondeni ambalo limeninyima usingizi, na linatuhusu sisi watu wa kompyuta kuliko tunavyodhani. Hifadhidata itangoja. Leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Jirani yangu ni fundi mkereza vyuma. Mashine yake ya kukereza ina umri kunishinda mimi. Anatengeneza bushi za matatu, shafti za mashine za kusaga unga, na skrubu za vyombo ambavyo vipuri vyake haviuzwi tena Nakuru nzima. Juzi jioni alinijia na kipande cha chuma kilichofungwa kwa gazeti. Urefu wake kama kidole, kimetobolewa katikati, na upande mmoja kina mkato.

"Kijana wangu, wewe unajua mambo ya intaneti. Hebu niangalizie hiki ni cha nini."

"Umekitoa wapi, Mzee?"

"Mteja ameleta. Anataka kumi kama hiki. Amelipa nusu. Anasema ni cha pampu."

Nilikigeuza, nikakipima, nikatafuta picha mtandaoni kwa saa nzima. Sikukitambua. Huenda ni cha pampu kweli. Lakini mteja alikataa risiti, hakuacha namba ya simu, na alipoulizwa ni pampu ya aina gani alijibu kwa ukali. Nikamwambia Mzee: nenda kituo cha polisi, waonyeshe, waulize. Alinicheka.

"Niende nacho mkononi? Wakisema ni cha bunduki, mimi ndiye niliyekutwa nacho."

Mwisho alirudisha kipande pamoja na pesa, akaikosa kazi ya wiki nzima. Labda alimkimbia jambazi. Labda alimfukuza mkulima mwenye pampu mbovu. Hatajua kamwe, na mimi sitajua.

Sasa tuje kwenye sheria, maana nimeisoma. Sheria ya Bunduki ya Kenya, Sura ya 114, ilitungwa mwaka 1953, wakati nchi iko chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Wapiganaji wa Mau Mau walikuwa na bunduki walizojitengenezea kwa bomba la maji, mbao na vipande vya mpira. Siku hizo kukutwa na silaha au risasi kulikuwa kosa la kunyongwa. Dedan Kimathi mwenyewe alinyongwa Februari 1957 kwa kosa la kukutwa na bastola na risasi. Yaani sheria hii ilizaliwa katika zama ambazo serikali ilimwogopa fundi mwenye bomba na msumeno wa chuma.

Imefanyiwa marekebisho mara nyingi tangu hapo. Baada ya sheria ya usalama ya Desemba 2014, tuna Bodi ya Leseni za Bunduki mahali pa afisa mmoja wa leseni. Lakini maana ya neno "bunduki" imebaki pana ajabu. Bunduki si ile nzima tu yenye mtutu na kitako. Sheria inasema "bunduki" ni pamoja na kipande chochote ambacho ni sehemu ya silaha hiyo, pamoja na kifaa cha kupunguza mlio au mwako wake. Kipande CHOCHOTE. Basi.

Nimeiandika kama programu ili nielewe. Ukitengeneza, ukiuza au ukikarabati bunduki kama biashara, ni lazima uwe mfanyabiashara wa silaha aliyesajiliwa. Kama hujasajiliwa, ni kosa. Haya, tuseme hufanyi biashara, umejitengenezea nyumbani kwa kujifurahisha. Basi kitu unacho, na kuwa na bunduki bila cheti ni kosa. Kwa kuwa kipande ni bunduki, njia zote mbili zinaishia pale pale. Hakuna upenyo.

Hapa ndipo ninapowageukia vijana wenzangu wa printa za 3D. Nawasikia sana: "Ni faili tu. Ni plastiki tu. Sijatengeneza bunduki, nimechapisha kipande." Maneno haya mmeyaokota Marekani, na hata kule yana mipaka. Kule, kwa sheria ya taifa ya 1968, kinachohesabiwa kuwa bunduki ni mwili wake, yaani ile sehemu inayoshika mitambo ya ndani. Mtutu unaweza kununua kama unavyonunua kikaango. Na sheria hiyo ya taifa humruhusu raia asiyekatazwa kumiliki silaha kujitengenezea yake bila leseni ya kiwanda, maadamu hafanyi biashara. Ndiyo maana kulizuka biashara ya miili "iliyokamilika asilimia 80". Ukiimalizia mwenyewe, una bunduki isiyo na namba. Serikali yao iliwabana wauzaji hao kwa kanuni ya mwaka 2022, na Mahakama ya Juu ikaiunga mkono Machi 2025 kwa majaji 7 dhidi ya 2.

Kenya hakuna asilimia 80. Asilimia 5 inayotambulika kuwa sehemu ya bunduki inatosha kukulaza ndani. Kitenzi ni KUTENGENEZA, na sheria haiulizi umetengeneza kwa tupa, kwa mashine ya kukereza au kwa printa. Anayekudanganya kwamba teknolojia imeizidi akili sheria ya 1953 hajaisoma. Imekutangulia kwa miaka 70.

Upande wa pili wako waheshimiwa wanaosema basi tuzipige marufuku printa, au kila printa isajiliwe kama bunduki. Hawa nao wananichosha. Mei 2013 Mmarekani Cody Wilson aliweka mtandaoni michoro ya bastola ya plastiki. Wizara yao ya mambo ya nje ikamwamuru aiondoe. Kufikia hapo ilikuwa imepakuliwa zaidi ya mara 100,000 kwa siku mbili. Mtu yeyote aliyewahi kujaribu kufuta kitu mtandaoni angewaambia mapema. Na Japani, nchi yenye sheria kali za silaha kuliko karibu nchi zote, ilimfunga mtu miaka 2 mwaka 2014 kwa kuchapisha bunduki kwa printa. Sawa. Lakini Julai 2022 waziri mkuu wao wa zamani, Shinzo Abe, aliuawa kwa silaha ya kienyeji ya mabomba ya chuma. Haikuhitaji printa. Watani zetu Tanzania wana gobore, bunduki ya wahunzi wa vijijini, iliyokuwapo kabla kompyuta haijaota ndoto ya kuzaliwa. Ukimnyang'anya mwanafunzi wa Nakuru printa anayochapishia vipuri vya redio, mhunzi wa gobore hata habari hana.

Kwa hiyo ubaya haumo ndani ya mashine, na sheria yenyewe si laini. Ubaya ni kwamba sheria ni kali juu ya kitu ambacho haijakitaja. Sisi watengeneza programu tunajua mtu akiandika "kataa chochote kinachofanana na virusi" bila kusema virusi ni nini, programu itazuia barua za bibi yako na kuwapitisha wezi. Hiyo tunaiita dosari, na hailaumiwi kwa mtumiaji. Hapa dosari imetupiwa fundi.

Fikiria springi. Iko kwenye bunduki, iko kwenye kalamu, iko kwenye kiti cha matatu. Pini ni hivyo hivyo. Kwa maneno ya sheria yetu springi iliyokusudiwa bastola ni bastola. Wakili ataniambia mahakama itauliza kama fundi alijua. Nakubali. Lakini ataulizwa baada ya kulala rumande, mashine yake ikiwa imechukuliwa kama kielelezo, na wateja wamehamia kwa mwingine. Kuachiliwa na hakimu baada ya mwaka mmoja hakumrudishii mtu karakana. Na jambazi anajua hivyo. Ndiyo maana hamwendei fundi mwenye wakili, anamwendea Mzee wa Bondeni.

La kuudhi zaidi ni kwamba dawa ipo tayari, na nchi yetu imeshaikubali. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu utengenezaji haramu wa bunduki, wa mwaka 2001, ambao Kenya imejiunga nao, unaeleza vipande ni nini. Ni vile vilivyoundwa mahsusi kwa ajili ya bunduki NA ambavyo bunduki haifanyi kazi bila hivyo. Kisha unavitaja: mtutu, mwili, kitelezo au silinda, komeo la kufungia risasi, na kifaa cha kuzima mlio. Mistari michache tu. Halafu kuna Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004, iliyotiwa saini hapa hapa kwetu, inayosema kutengeneza bila leseni ya mamlaka au bila kuweka alama ni haramu. Tumewakaribisha majirani, tumewapa chai, tumeweka saini. Hata jina la mji mkuu wetu limo. Kisha sura ya 114 imebaki na "kipande chochote".

Wala msiniambie serikali haina wataalamu wa kuchora mstari huo. Eldoret kuna kiwanda cha risasi cha serikali tangu miaka ya 1990. Aprili 2021 Rais Uhuru Kenyatta alifungua kiwanda cha bunduki Ruiru, kikatajwa kuwa na uwezo wa kutoa 12,000 kwa mwaka. Wanaounda bunduki nzima wanajua vizuri ni kipande kipi hufanya bomba liwe silaha.

Basi ninataka mambo matatu, na siombi radhi.

Kwanza, orodha. Ichukuliwe ile ya mkataba, iingizwe kwenye sheria, ichapishwe kwa Kiswahili na kwa picha, ibandikwe kila eneo la jua kali. Kilichomo, usikiguse bila leseni, iwe kwa chuma au kwa plastiki. Kisichomo, polisi athibitishe kwamba ulijua kinakwenda wapi kabla hajagusa mashine yako.

Pili, mlango wa kuulizia. Fundi akileta kipande kituoni kwa hiari yake, aandikiwe kwenye daftari la matukio, apewe namba, aende nyumbani. Asihesabiwe kuwa "amekutwa nacho". Mzee angekwenda siku ile ile, pengine na maelezo ya sura ya mteja. Badala yake kipande kimerudi mtaani, na leo kiko kwa fundi mwingine asiye na wasiwasi kama wa Mzee. Hebu niambieni, hapo usalama umeongezeka au umepungua?

Tatu, njia ya leseni inayopitika. Anayetaka kukarabati bunduki za wenye vyeti kihalali ajue masharti, ada na muda wa kujibiwa bila kumjua mtu ofisini. Leseni isiyopatikana bila kujuana haizuii kazi kufanyika. Inaihamishia gizani tu.

Na nyinyi vijana wa faili, msidhani nimewatetea. Printa yenu naitetea. Mtutu mnaouchapisha ni juu yenu na hakimu.

Jana nilipita karakanani. Mzee alikuwa anakereza bushi. Pembeni ya mashine amebandika karatasi aliyoiandika kwa mkono: BILA RISITI HAKUNA KAZI. Hiyo ndiyo sheria pekee iliyo wazi ya kudhibiti silaha hapa Bondeni kwa sasa, na ameitunga mtu aliyeishia darasa la saba.

Wiki ijayo, panapo majaliwa, tunarudi kwenye hifadhidata.